Njia za Miguu za Derbyshire na Watu Waliozipigania

Katika nchi ya Uingereza, mtu atokaye mjini na kuingia mashambani hawezi kwenda mbali kabla ya kukiona kibao kidogo cha mti au cha chuma kando ya barabara, kimeandikwa kwamba hapo pana njia ya miguu ya watu wote. Mara nyingi kibao hicho huelekeza katikati ya shamba la mtu. Mbele yake pana ukuta wa mawe, na katika ukuta huo pana vidato vitatu au vinne, vimejengwa ili binadamu apande na kushukia upande wa pili, ila kondoo asiweze. Mpita njia hupanda, hushuka, huyakata malisho ya mtu asiyemjua, hupita mbele ya zizi, na pengine hupita uani kabisa, karibu na dirisha la jiko. Hapigi hodi wala haombi ruhusa. Mwenye shamba akimwona humsalimu kwa neno moja la habari ya mvua, kisha huendelea na kazi yake.

Kwa mkulima wa nchi nyingine jambo hili ni la ajabu sana. Shamba lina mipaka, lina hati, na mwenyewe amelilipia fedha au amelirithi kwa baba yake. Itakuwaje basi mgeni alikanyage apendavyo? Jibu la sheria ya Kiingereza ni kwamba ardhi ni ya mwenye shamba, na majani ni yake, na mawe ni yake, lakini kupita si kwake. Kupita ni haki ya watu wote, na haki hiyo ni ya zamani kuliko hati nyingi za mashamba. Njia hizo zilianza kwa miguu ya watu waliokwenda kanisani, sokoni, kwenye kinu cha kusagia nafaka, au machimboni. Sheria yasema kwamba njia ikitumiwa na watu kwa miaka 20, bila kificho, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, basi hudhaniwa kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa aweze kuonyesha kwamba hakuwa na nia hiyo. Ikiisha kuwa njia ya umma, haifi kwa sababu shamba limeuzwa au mwenyewe amefariki. Katika England na Wales njia za namna hii, pamoja na zile za farasi, zafika kama maili 140,000, na mabaraza ya kaunti huzichora katika ramani rasmi ambayo mtu yeyote aweza kwenda kuiangalia.

Wakulima watapenda kujua mzigo ambao haki hii humtwika mwenye shamba. Njia ikipita ukingoni mwa shamba, haruhusiwi kuilima. Ikipita katikati, aweza kuilima pale ambapo kuikwepa ni taabu, lakini akitayarisha shamba kwa kupanda hupewa siku 14 tu kuirudisha, iwe na upana usiopungua mita moja, tena ionekane wazi. Ngazi na malango katika njia ni juu yake kuyatengeneza, ingawa baraza la kaunti hapana budi limrudishie angalau robo ya gharama. Na iko sheria ya mwaka 1981 juu ya ng'ombe dume ambayo wafugaji wa Kenya wataielewa upesi. Fahali wa aina za maziwa aliyepita umri wa miezi kumi hairuhusiwi kumweka katika shamba lenye njia ya umma, na aina zilizotajwa ni pamoja na Ayrshire, Friesian, Guernsey na Jersey. Fahali wa nyama aruhusiwa, maadamu yuko pamoja na majike. Aliyewahi kumwona fahali wa Jersey akikasirika hatauliza sababu.

Mpita njia naye hana uhuru wote. Lango alilolikuta limefungwa hulifunga. Mbwa wake akiwafukuza kondoo, mwenye mifugo aweza hata kumpiga risasi mbwa huyo ikiwa hapana njia nyingine ya kuwaokoa. Tena haki yake ni ya kupita tu. Hana haki ya kuchuma wala ya kupanda mahindi yake hapo.

Mahali pazuri pa kuyaona mambo haya ni jimbo la Derbyshire, katika vilima viitwavyo Peak District. Vilima hivi viko kati ya miji miwili mikubwa, Manchester upande wa magharibi, uliotajirika kwa pamba, na Sheffield upande wa mashariki, uliotajirika kwa chuma cha pua. Upande wa kaskazini mawe ni meusi ya mchangamchanga, na juu ya vilima pana udongo mweusi wa majani yaliyooza, wenye maji kama sifongo, ambamo hapaoti ila nyasi ngumu na vichaka vifupi. Upande wa kusini mawe ni ya chokaa, meupe, na malisho ni mabichi. Kuta zote za mashamba zimejengwa kwa mawe ya mahali hapo bila udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, kwa hiyo mtu aendaye kwa miguu hujua kwa rangi ya ukuta tu kwamba ametoka upande mmoja na kuingia wa pili.

Gari moshi la kutoka Manchester kwenda Sheffield hupita katika bonde la Edale, na stesheni ya hapo ilifunguliwa mwaka 1894. Edale ni kijiji kidogo: kanisa, shule, nyumba chache, mashamba ya kondoo. Ng'ambo ya kilima, upande wa kusini, uko mji mdogo wa Castleton, wenye magofu ya ngome iliyoanzishwa na William Peveril baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kati ya bonde na mji pana njia ya miguu ipitayo mgongoni mwa kilima mahali paitwapo Hollins Cross. Zamani watu wa Edale hawakuwa na kanisa, na mtu akifa jeneza lilichukuliwa mabegani kwa njia hiyo, kupanda na kushuka, mpaka Castleton kuzikwa. Walifanya hivyo hata mwaka 1633, walipojenga kanisa lao dogo. Msomaji na afikiri juu ya safari hiyo mwezi wa Januari, theluji ikianguka. Njia hiyo ingaliko, na leo hupitwa na watoto wa shule wenye mifuko ya chakula mgongoni.

Karibu na hapo kiko kilima cha Mam Tor, chenye urefu wa karibu futi 1,700, na juu yake bado yaonekana maboma ya udongo ya watu walioishi huko kabla ya Warumi kufika. Ubavu mmoja wa kilima hicho huporomoka kidogo kidogo. Chini yake ilijengwa barabara kuu ya magari, na kwa miaka mingi wahandisi waliitengeneza, ikabomoka, wakaitengeneza tena. Mwaka 1979 walichoka, wakaifunga kwa magari daima. Mpita njia aweza kuona lami imepasuka na kukunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani. Njia ya majeneza, iliyotengenezwa na miguu ya watu tu, haijafungwa.

Lakini si kila njia iliachwa wazi. Kaskazini ya Edale kimeinuka kilima kikubwa kuliko vyote vya Derbyshire, jina lake Kinder Scout, zaidi ya futi 2,000 juu ya bahari. Juu yake ni uwanda mpana wa ule udongo mweusi. Katika karne ya 19 ardhi za juu za namna hii, ambazo zamani watu walichungia na kukata udongo wa kuni, ziligawanywa kwa sheria na kutiwa mikononi mwa wenye mali. Mabwana hao walizitumia kufugia ndege wa porini wa jamii ya kwale, wakawawinda kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti pamoja na wageni wao. Siku za kuwinda zilikuwa chache katika mwaka, lakini mwaka mzima walinzi wenye fimbo walizunguka kuwafukuza watu.

Wakati huo huo Manchester na Sheffield zilikuwa zimejaa viwanda na moshi. Vijana waliofanya kazi juma zima katika vumbi la pamba au mbele ya tanuru walitamani Jumapili moja ya hewa safi, na vilima walikuwa wakiviona kwa macho. Vyama vya njia za miguu vilianzishwa. Kimoja, kilichoundwa mwaka 1894, kiliipigania njia moja kutoka kijiji cha Hayfield mpaka upande wa pili wa Kinder, ikafunguliwa mwaka 1897, na chama hicho kingaliko hata leo. Lakini mtu akiiacha njia hiyo hatua mia kupanda kileleni, mlinzi alimrudisha.

Tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili, vijana wapatao 400 walikusanyika Hayfield katika chimbo la mawe. Kiongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa Manchester mwenye umri wa miaka 20, ambaye alikwenda huko kwa baiskeli kwa sababu polisi walikuwa wakimngoja stesheni. Alisimama juu ya jiwe akawahutubia, kisha wakapanda mlima wakiimba. Karibu na juu wakakutana na walinzi. Wakasukumana, fimbo zikatumika, na mlinzi mmoja akaumia. Vijana wakafika juu, wakakutana na wenzao waliopanda kutoka upande wa Edale, wakapongezana, wakashuka. Waliporudi Hayfield polisi walikuwa tayari.

Hapa pana jambo ambalo makarani watalipenda. Kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa hakukuwa kosa la jinai katika sheria ya Kiingereza. Mwenye ardhi aliweza tu kumdai mwingiaji mbele ya hakimu wa madai. Kwa hiyo vijana hao hawakushtakiwa kwa kupanda mlima. Walishtakiwa kwa mkutano wa fujo na kuvunja amani, na mwezi wa Julai, katika mahakama ya Derby, watano walifungwa, wengine miezi miwili, na mmoja aliyeshtakiwa kwa kumdhuru mlinzi alifungwa miezi sita. Rothman alipata miezi minne.

Si haki kusema kwamba wapenda njia wote waliwaunga mkono. Viongozi wa vyama vya zamani walikasirika; walikuwa wakizungumza na wenye ardhi kwa upole kwa miaka mingi, wakaona kwamba vijana wameharibu kazi. Wenye ardhi nao walikuwa na hoja zao: ndege huatamia chini wakati wa Aprili na Mei, na maji ya vilima hivyo hunywewa mijini. Lakini vifungo vile viliwashtua hata watu wasiopenda kupanda milima. Vijana watano kufungwa kwa sababu iliyoanzia katika matembezi ya Jumapili! Mwaka huo huo maelfu ya watu walikusanyika katika mkutano mwingine wa kudai haki ya kutembea.

Baada ya vita kuu ya pili Bunge lilitunga sheria ya mwaka 1949 ya mbuga za taifa na njia za mashambani, nayo ndiyo iliyoyaamuru mabaraza ya kaunti kuchora zile ramani rasmi. Mwaka 1951 Peak District ikawa mbuga ya taifa ya kwanza ya Uingereza, maili za mraba zipatazo 555. Msomaji wa Kenya asidhani kwamba ni mbuga kama ile ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946, ambamo wanyama hukaa na watu huingia kwa tiketi. Ndani ya Peak District wanakaa watu zaidi ya 35,000. Mna vijiji, makanisa, machimbo na mashamba, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kilichohifadhiwa ni sura ya nchi. Kujenga nyumba au bohari bila kibali ndilo jambo gumu huko, na wakulima hulalamika juu yake kila mwaka.

Tarehe 24 Aprili 1965, siku ile ile ya kumbukumbu ya Kinder, ilifunguliwa njia ndefu iitwayo Pennine Way, ianziayo Edale na kuishia Kirk Yetholm, mpakani mwa Scotland. Urefu wake ni maili 268, na mtu asiyeshikwa na malengelenge huhitaji kama majuma mawili au matatu kuimaliza. Aliyeifikiria kwanza alikuwa mwandishi wa magazeti, Tom Stephenson, katika makala ya mwaka 1935. Kutoka makala hadi kibao cha mwisho ikawa miaka 30. Kisha sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu wa England na Wales ruhusa ya kutembea popote katika milima na nyika zilizoonyeshwa katika ramani, hata nje ya njia. Scotland wakapita hapo: kwa sheria yao ya mwaka 2003 mtu aweza kutembea karibu kila mahali, maadamu hasumbui wala haharibu.

Ushindi huo nao ulikuwa na gharama. Miguu mingi juu ya udongo laini hufanya kidonda. Kwa miaka michache ya kwanza Pennine Way iligeuka kuwa mto wa tope, kila mtu akikwepa pembeni na kuipanua. Dawa iliyopatikana ilikuwa kutandika mabamba mazito ya mawe, na mengi kati ya hayo yalikuwa sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa. Helikopta ziliyapeleka juu. Kwa hiyo mawe yaliyokanyagwa na babu kiwandani sasa hukanyagwa na mjukuu mlimani.

Na ile familia iliyokuwa na Kinder? Ilikuwa mali ya Duke wa Devonshire, wa ukoo wa Cavendish, wenye jumba kubwa la Chatsworth karibu na mji wa Bakewell. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio, Duke wa wakati huo alisimama hadharani Hayfield, akakiri kwamba babu yake alikosea, akaomba radhi. Benny Rothman hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa amefariki miezi mitatu kabla.

Ukoo huo huo una habari nyingine, ya zamani zaidi, katika kijiji cha Eyam, safari ya nusu siku kwa miguu kusini mashariki ya Castleton. Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiua watu London. Mshona nguo mmoja wa Eyam akaletewa robota la kitambaa kutoka huko, na husimuliwa kwamba ndani yake mlikuwa na viroboto. Mwezi wa Septemba msaidizi wake akafa, na baada yake majirani. Mwezi wa Juni 1666 padri wa kijiji, William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, padri aliyemtangulia ambaye alikuwa ameondolewa kazini kwa ugomvi wa dini, waliwaomba watu wasitoke, ili ugonjwa usienee katika vijiji vya jirani. Wakakubali. Yapasa kusema pia kwamba baadhi ya wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka, na Mompesson mwenyewe alikuwa amewapeleka watoto wake mbali. Mkewe, Catherine, alikataa kwenda. Alikufa mwezi wa Agosti.

Chakula kililetwa na watu wa nje, na Earl wa Devonshire, kama ukoo ulivyoitwa wakati huo, alipeleka msaada kutoka Chatsworth. Vitu viliwekwa mpakani na kuachwa. Katika njia ya miguu kutoka Eyam kwenda Stoney Middleton liko jiwe kubwa lenye matundu sita. Humo watu wa Eyam walitia fedha zao katika siki, ili zisafike kabla ya kuguswa. Ibada ilifanywa nje, bondeni, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, aliwazika mumewe na watoto sita kwa mikono yake mwenyewe katika muda wa siku nane, na makaburi yao yamezungushiwa ukuta katikati ya malisho, mahali pa upweke. Waliokufa Eyam huhesabiwa kuwa 260. Vijiji vya jirani vilipona. Kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika kuwakumbuka. Wageni wengi hutia kidole katika matundu ya lile jiwe, na kingo zake zimekuwa laini.

Kusini ya Eyam uko mji wa Bakewell, mji wa soko. Una daraja la mawe la matao matano lililojengwa katika zama za kati, na kanisa ambalo tayari lilikuwa na mapadri wawili wakati wa ile hesabu kuu ya nchi ya mwaka 1086. Wageni huenda kula andazi la jamu na mayai lenye jina la mji. Maduka kadhaa hushindana kwamba lao ndilo la asili, na mtu mwenye busara hula katika yote kabla ya kutoa hukumu. Mkulima aende Jumatatu, siku ya mnada wa mifugo, akasikilize bei za kondoo zikitajwa kwa haraka isiyofuatika.

Kutoka hapo, mwendo usiozidi saa moja kwa kufuata mto Wye, kiko kijiji cha Ashford. Mbele ya daraja lake dogo la zamani, lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, pana zizi la mawe linaloteremkia majini. Kabla ya kukata sufu wachungaji walipaswa kuwaosha kondoo, na kondoo haingii majini kwa hiari. Basi wana-kondoo walifungwa ndani ya zizi, mama zao wakapelekwa ng'ambo na kutupwa mtoni. Wakiwasikia watoto wakilia, waliogelea wenyewe mpaka zizini, wakatoka wakiwa safi.